Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya Pwani: Mama Alikuwa Hasikii Harufu, na Hakuna Aliyemuuliza

Mombasa

Kwa: Wakuu wa idara za afya, wakurugenzi wa hospitali, wasimamizi wa kliniki za afya ya akili, na kamati za maadili ya utafiti zinazohusika na wagonjwa wa Mombasa na Pwani yote.

KUH: UVIMBE WA UBONGO UNAOTIBIWA KAMA MARADHI YA AKILI, NA MATOKEO YA UPASUAJI YASIYOTOLEWA

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wasioitumia salamu hiyo, pokeeni heshima zangu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono Januari 2025, ikapigwa muhuri wa kupokelewa nikitazama. Ya pili ilikuwa Aprili. Julai nikaandika ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 kujibu. Siku 21 zilipita, zikapita nyingine 21. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa faili limepelekwa ofisi nyingine, na ofisi hiyo ikaniambia faili lilisharudishwa. Siku hiyo nilishuka ngazi nikajua kwamba barua inayofuata itasomwa na kila mtu.

Hospitali sitaitaja, wala daktari yeyote. Aliyempasua mama yangu nitamwombea dua maisha yangu yote, na wauguzi wa usiku katika ile wadi walitutendea kama jamaa. Ninayoyalalamikia yako juu ya mikono yao, kwenu ninyi mnaopanga.

Mama yangu anauza mbaazi na mahamri Kisauni. Watu wa mtaa wetu wameamkia kwake miaka na miaka, na wanaomjua wanajua ni mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha mbali. Kuelekea Ramadhani ya 2023 alianza kunyamaza. Alikuwa analala mchana, haogi mpaka aambiwe, akisalimiwa anatazama tu. Tukadhani ni uchovu, kisha tukadhani ni majonzi ya baba. Baada ya Idi, asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya karai. Moshi umejaa jikoni, mahamri yamekuwa meusi kama makaa, na yeye ameshika mwiko anayatazama. Nikazima jiko, nikamwambia, "Mama, husikii harufu?" Akanijibu taratibu, "Sisikii, mwanangu. Hata iliki siisikii, tangu mfungo sita."

Mfungo sita! Ilikuwa yapata miezi sita mwanamke anayepima iliki kwa pua yake haisikii, na hakumwambia mtu. Nami nililisikia neno lile, nikalipita. Hilo ni langu, na ninalibeba.

Majirani walisema ana majini. Tukaandikiwa kombe kwa zafarani, likaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Alisomewa. Siwalaumu waliotushauri hivyo, kwa sababu tulipofika kliniki jibu la hospitali halikututoa mbali: mama ana sonona, apewe vidonge. Vidonge vikaongezwa. Siku moja akacheka kwa sauti matangani, maiti ikiwa ndani, ikabidi tumtoe kwa aibu. Tuliporudi kliniki akaongezewa dawa ya pili, ya wale wanaosikia sauti, ingawa hakuwahi kusema anasikia sauti. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miezi 14. Juni 2024 akaanguka kifafa akiwa anashuka kwenye tuktuk, mara yake ya kwanza katika miaka 58 ya maisha yake. Hapo ndipo ilipopigwa picha ya kichwa. Ikaonekana meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, mkubwa kama chungwa dogo. Ulikuwa umekaa chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya mfupa mwembamba ambamo mishipa ya harufu hupita kutoka puani. Alipasuliwa Agosti. Yu hai, alhamdulillahi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna kanuni inayosema ni nani katika kliniki ya akili apigwe picha ya kichwa.

Sisemi kila mwenye huzuni apelekwe kwenye mashine. Watu wengi mno wenye sonona hawana uvimbe wowote, na ningesikitika barua hii ikiwatia hofu. Lakini zipo dalili ambazo daktari akiziona anapaswa kusimama. Mtu aliyepita miaka hamsini bila historia ya maradhi ya akili akibadilika tabia ghafla au polepole. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri, na kutapika. Kifafa kinachoanza ukubwani. Macho kufifia, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, harufu kupotea. Dawa kuongezwa kila mara na hali kuzidi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayompa mtu ari, mpango na haya. Ikibanwa, anaweza kuzubaa akaonekana ana huzuni, au akapoteza haya akaonekana ana wazimu, na miguu yake ikabaki inatembea vizuri kabisa. Madaktari wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka mia. Jina lenyewe meninjioma lilitolewa na daktari wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing, mwaka 1922.

Kupima harufu hakuhitaji bajeti. Mgonjwa anafumba macho, anaziba tundu moja la pua, ananusishwa kahawa, kisha sabuni, kisha tundu la pili. Kahawa Mombasa haijawahi kukosekana. Kuchungulia nyuma ya jicho kuona kama mshipa umevimba kunataka kifaa kidogo cha mkononi na dakika chache. Katika miezi 14, na kila mara nilikuwa naye chumbani, hakuna aliyefanya hata kimoja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT London mwaka 1971. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mama yangu aliipata picha hiyo kwa sababu tu alianguka barabarani.

2. Kliniki ya akili na wadi ya upasuaji hazisemezani.

Baada ya upasuaji mama alilia wiki tatu. Kisha akaanza hasira, yeye ambaye hata paka hamfukuzi. Daktari wa upasuaji akasema hilo ni la kliniki ya akili. Kliniki ikasema hilo ni la waliompasua. Ni mfamasia wa mtaani aliyetuambia, akisoma vikaratasi vya dawa, kwamba deksamethasoni ya kupunguza uvimbe inaweza kuvuruga hisia na usingizi, na kwamba levetirasetamu ya kuzuia kifafa huwatia baadhi ya watu ghadhabu. Hatukuacha dawa, wala asiache mtu dawa ya kifafa bila daktari. Lakini mbona tulilazimika kulisikia dukani? Na zile dawa mbili za akili alizokuwa akinywa kabla, aziendeleze au azipunguze? Aliyezianzisha hakujua kwamba amepasuliwa. Nilimpelekea habari mimi.

3. Hatukuambiwa kiasi gani kilibaki kichwani.

Tangu 1957, daktari wa upasuaji wa ubongo Donald Simpson alionyesha kwamba kurudi kwa meninjioma kunategemea ulitolewa kwa ukamilifu gani. Akapanga madaraja. Ulipotolewa wote pamoja na utando na mfupa ulikoshikilia, ulirudi kwa wagonjwa 9 katika kila 100. Ulipotolewa nusunusu, ulirudi kwa 44. Tiba imesonga tangu wakati huo, lakini daraja hilo bado huandikwa kwenye maelezo ya upasuaji. Ndilo linalosaidia kusema mgonjwa apigwe picha tena baada ya muda gani.

Karatasi tuliyopewa siku ya kuruhusiwa ina mistari minne. Inasema upasuaji ulifaulu. Daraja halimo. Majibu ya maabara ya kile kipande kilichokatwa, ambayo ndiyo yanayosema kama uvimbe ni wa kawaida au ni wa kukua kwa kasi, tuliyafuata mara tano. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikaondoka ikaja SHA, na kila dirisha likawa na sababu mpya ya kutuambia turudi kesho. Mpaka leo naandika, mama hajui kama ana kitu kichwani au hana.

4. Matokeo ya upasuaji hayawekwi wazi.

Kabla hatujatia saini nilimwuliza daktari mmoja, kwa adabu, "Katika waliopasuliwa kichwa hapa mwaka jana, wangapi walirudi nyumbani?" Hakukasirika. Aliinamisha kichwa akasema hana hesabu hiyo. Nikamwamini. Swali langu ni kwenu: mbona hana?

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa upasuaji wa kila aina katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, wagonjwa 11,422. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya kupasuliwa, na asilimia 2.1 walifariki. Kiwango hicho cha vifo ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi mengine machache. Jambo ambalo kila msimamizi wa hospitali angelibandika ukutani ni kwamba wengi mno kati ya waliofariki hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata, wadini, kwenye vitanda ambako muuguzi mmoja anaangalia watu wengi na homa inapanda usiku bila mtu kujua. Nililala sakafuni kando ya kitanda cha mama usiku tisa, kwa hiyo naijua hiyo wadi. Usiku wa tatu ni mimi niliyeona bandeji imelowa maji meupe.

Msiseme kuhesabu ni mambo ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, lilitumia hospitali nane katika miji minane, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, hapo Tanzania, bega kwa bega na London na Toronto. Matokeo yalitoka 2009. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka 11 hadi 7. Ifakara walihesabu. Na kipengele cha kwanza kabisa katika orodha ile ni kuhakikisha mgonjwa ni yule yule. Baada ya kisa cha Nairobi cha mwaka 2018, cha mtu aliyefunguliwa kichwa kwa kuchanganywa na mwenzake, sidhani nahitaji kueleza kwa nini.

Kuhesabu vifo pekee hakutoshi. Kipo kipimo cha Karnofsky, kinachotumika tangu miaka ya 1940, cha kutoka 0 hadi 100. Mia ni mzima, sabini ni mtu anayejihudumia lakini hawezi kazi yake, sifuri ni marehemu. Mama yuko kwenye sabini. Yapo pia maswali tisa ya PHQ-9 ya kupima sonona, na yapo kwa Kiswahili. Kumpima mgonjwa kwa hivyo viwili kabla ya kupasuliwa, kisha baada ya miezi mitatu na miezi sita, kunachukua robo saa.

Nitawapa mfano mmoja ambao sijaacha kuufikiria tangu niusome. Mwaka 1928 Wilder Penfield, daktari wa ubongo aliyefanya kazi Montreal, alimpasua dada yake mwenyewe uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo. Alipona vya kutosha kurudi nyumbani kwa watoto wake. Kama mwaka mmoja na zaidi baadaye dada akamwalika kaka yake kwa chakula cha jioni. Penfield akamkuta jikoni amefadhaika. Vyakula vyote viko pale, na yeye hajui aanze na kipi. Kaka yule hakuficha. Uvimbe ulirudi, dada akafariki, na mwaka 1935 akachapisha alichokiona ili wengine wajue upasuaji ule uliacha nini na ulichukua nini.

Mama yangu leo ana unga, ana nazi, ana mbaazi zilizorowekwa tangu jana. Anasimama katikati ya vyote hivyo. Nikimwambia, "Mama, anza na tui," anafanya vizuri kabisa. Nisipomwambia, anasimama. Hakuna faili katika nchi hii ambamo jambo hilo limeandikwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali nayo ina maradhi yake.

5. Tunatafitiwa, kisha haturudishiwi neno.

Siku ya nne baada ya upasuaji, mama akiwa hajui ni Jumanne au Ijumaa, alikuja kijana mpole wa chuo na fomu ya ridhaa ya utafiti. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tano. Mama akaweka dole gumba. Nilipofika alikuwa ameshahojiwa. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka ridhaa ya mtu anayeelewa, na linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo. Sisi hatukupewa hata nakala.

Siupingi utafiti. Kilifi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kimefanya kazi tangu 1989, na yaliyojulikana huko kuhusu malaria inayopanda kichwani na kuhusu kifafa yamesaidia watoto wengi wa Pwani. Ninataka utafiti zaidi, juu ya swali hili hili: ni wangapi wanaotibiwa akili hapa kwetu huku wana uvimbe?

Najua mtakayonijibu, nayo niyajibu mapema.

Mtasema madaktari wa upasuaji wa ubongo ni wachache na mashine huharibika. Ni kweli, na ndiyo maana nimeanza na kahawa na sabuni. Mtasema takwimu zitawaonea madaktari wanaokubali wagonjwa mahututi, kwa kuwa watafiwa zaidi. Hoja hii naiheshimu. Basi tolewe hesabu ya hospitali nzima, bila jina la daktari, na ioneshe wagonjwa walifika katika hali gani. Glioblastoma, saratani ya ubongo inayokua kwa kasi, si sawa na meninjioma, na hakuna mtu mwenye akili atakayezilinganisha. Mtataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo inalinda habari za mama yangu zisifike kwa wengine. Haiwezi kutumiwa kuzificha zisifike kwake mwenyewe. Na mkisema kila ofisi ina mkubwa wake, afya ilishagatuliwa tangu 2013. Mgonjwa wa Kisauni hawezi kuwa ndiye anayewakutanisha.

Ninachoomba, chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba kinachotupa haki ya afya na Kifungu cha 35 kinachotupa haki ya habari:

a) Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ubandikwe katika kila kliniki ya akili Pwani, ukitaja dalili zinazomlazimu daktari kupima harufu, macho na nguvu za viungo, na kumpeleka mgonjwa kwenye picha.

b) Daftari moja la wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, linaloanzia walipolalamika mara ya kwanza, hata kama ilikuwa kliniki ya akili, hadi hali yao miezi sita baada ya kupasuliwa.

c) Kila mgonjwa aondoke na daraja la upasuaji wake, majibu ya maabara, tarehe ya picha ijayo, na jina la ofisi moja itakayomwangalia mwili na akili.

d) Kila mwaka hospitali zitoe hesabu: wangapi walipasuliwa kichwa, wangapi walifariki ndani ya siku 30, wangapi walirudishwa wadini, wangapi waliweza kurudi kazini.

e) Hakuna ridhaa ya utafiti kutoka kwa mgonjwa wa ubongo kabla hajapimwa kama anaelewa, na fomu iwe kwa lugha anayoizungumza. Utafiti ukiisha, mtafiti arudi aseme alichokiona.

f) Ombi langu la Julai lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21. Lisipojibiwa nitalipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nakala ya barua hii.

Mama ana miadi ya picha mwezi ujao. Tutafika saa moja asubuhi na karatasi zetu zote ndani ya kikapu chake cha mahamri, zimepangwa kwa tarehe. Yeyote kati yenu anayetaka kuziona, atatukuta kwenye foleni.

Wenu mwenye heshima,

Binti wa mgonjwa,
Kisauni, Mombasa